Simu janja ya mpakani: Kagua kwanza, ndipo ulipe

Ilikuwa majira ya saa nne asubuhi, nikiwa Kobero, pale simu yangu ilipogeuka jiwe. Nilikuwa nasubiri lori lililobeba magunia 40 ya mchele kutoka Kahama. Dereva alikuwa amenipigia alfajiri kunijulisha kwamba amefika Kabanga, upande wa Tanzania, na kwamba foleni haikuwa ndefu. Nikaitoa simu mfukoni ili nimuulize amefikia wapi. Kioo kikawaka, lakini badala ya namba nikakutana na maandishi makubwa yaliyosema kuwa malipo yamechelewa, kifaa kimefungwa, nilipe ili niendelee kukitumia.

Sijawahi kukopa simu maishani mwangu. Ile niliinunua wiki tano kabla ya siku hiyo kwa fedha taslimu, mkono kwa mkono, kutoka kwa kijana aliyekuwa akizitembeza karibu na stendi ya mabasi. Alinionyesha boksi, akanipiga picha, akanichezea muziki. Bei ilikuwa karibu nusu ya bei ya dukani, nami nikajiona nimeokota dodo chini ya mnazi.

Namba ya dereva ilikuwa ndani ya simu hiyo. Namba za wateja wangu wa Muyinga nazo zilikuwa humo humo. Picha za daftari langu la madeni, ambalo nilikuwa nimelitupa kwa kuona limechakaa, zilikuwa humo pia. Nilitembea kwa miguu kutoka lori moja hadi jingine mpaka saa tisa alasiri ndipo nikampata mtu wangu. Alinitoza gharama za kusubiri, na nilipofika Muyinga jioni, mteja mkubwa alikuwa ameshanunua mchele wa mwingine. "Nilikupigia weee, ndugu yangu, ukawa hupatikani," aliniambia. Sikuwa na la kumjibu.

Nayaandika haya kwa sababu kila wiki nawaona wenzangu wakinunua simu kama nilivyonunua mimi. Wapo wanaorejea kutoka Tanzania na fedha kidogo za kuanzia maisha, na wapo wachuuzi wa mpakani ambao simu ndiyo duka lao, daftari lao na benki yao. Kwa watu wa namna hii, simu mbovu ni mtaji uliopotea.

Simu janja ni nini hasa?

Watu wengi wanadhani simu janja ni ile yenye kioo kikubwa cha kupangusa. Sivyo. Simu janja ni kompyuta ndogo inayoweza pia kupiga simu. Kinachoitofautisha na kitochi ni kuwa ina mfumo endeshi, yaani programu mama, ambayo juu yake unaweza kuongeza programu nyingine kadiri ya mahitaji yako: ya ujumbe, ya ramani, ya mahesabu, ya fedha.

Wazo hilo si la jana. Kampuni ya IBM iliuza simu iliyoitwa Simon nchini Marekani mwaka 1994, ikiwa na kioo cha kugusa, kalenda na uwezo wa kutuma faksi. Mwaka 2007 kampuni ya Apple ikatoa iPhone, na mwaka 2008 ikaingia sokoni simu ya kwanza yenye mfumo wa Android unaosimamiwa na Google. Leo karibu simu janja zote unazoziona sokoni ni za moja ya mifumo hiyo miwili. Zenye tufaha lililoumwa nyuma yake ni iPhone. Nyingine karibu zote, ziwe Samsung, Tecno, itel, Infinix au Xiaomi, hutumia Android.

Jambo moja lieleweke mapema. Fedha zako za Lumicash au M-Pesa hazikai ndani ya simu. Zimeandikwa katika akaunti yako kwenye mitambo ya kampuni, na akaunti hiyo inatambuliwa kwa laini yako. Ndiyo maana siku ile ya Kobero niliitoa laini, nikaazima kitochi cha mlinzi mmoja, na salio langu nikalikuta salama. Kilichopotea ni vile vilivyokuwa vimehifadhiwa kwenye simu yenyewe.

Simu ya mkopo iliyovuka mpaka

Fundi mmoja wa Buyenzi, jijini Bujumbura, ndiye aliyenifumbua macho. Aliitazama simu yangu kwa dakika moja tu, akacheka kwa huruma. "Mzee, hii ni simu ya mkopo," alisema. "Mwenyewe bado anadaiwa."

Katika nchi jirani yapo makampuni yanayouza simu kwa mkopo. Mtu hutoa kianzio, kisha hulipa kidogo kidogo kwa siku au kwa wiki. Simu hiyo huwekewa programu ya ulinzi ndani kabisa, na siku alizolipia zikiisha inajifunga. Akilipa, inafunguka. Ni utaratibu halali na umewasaidia wengi wasio na fedha za kulipa kwa mkupuo. Tatizo huanza pale mkopaji asiye mwaminifu anapoiuza simu kabla ya kumaliza deni. Inavushwa mpaka, inauzwa kwa bei ya kutupa, na mnunuzi anabaki na kipande cha kioo.

Njia ya kuigundua ipo. Kabla ya kutoa fedha, mwambie muuzaji airudishe simu katika hali ya kiwandani mbele ya macho yako, yaani afute kila kitu. Kisha iwasheni upya na muiunganishe na intaneti hapo hapo. Simu ya mkopo mara nyingi itajitambulisha yenyewe: itaonyesha jina la kampuni, au itaandika kuwa kifaa hiki kinasimamiwa na taasisi fulani. Ukiona hivyo, rudisha simu na ushukuru Mungu.

Zoezi hilo hilo linafichua pia simu ya wizi. Android za tangu mwaka 2015 zina kinga ambayo, simu ikifutwa kwa nguvu, itadai akaunti ya Google ya mwenye simu wa awali. iPhone nazo zina kinga ya namna hiyo tangu mwaka 2013. Muuzaji wa haki atazitoa akaunti zake kwa dakika mbili. Akianza kusema "utaenda kuifungulia kwa fundi, ni kitu kidogo," jua kuwa simu si yake.

Namba 15 zinazosema ukweli

Kila simu halali ina namba yake ya utambulisho, IMEI, yenye tarakimu 15. Simu ya laini mbili huwa na namba mbili. Bonyeza *#06# na zitajitokeza zenyewe kwenye kioo, bila vocha wala intaneti. Zilinganishe na zile zilizochapwa kwenye boksi. Zikitofautiana hata kwa tarakimu moja, boksi si la simu hiyo.

Kwa sisi tunaoingia na kutoka Tanzania, suala hili lina uzito wake. Kenya ilizizima simu bandia kwenye mitandao yake mwaka 2012. Tanzania ikafuata: usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ya nchi hiyo, TCRA, ilizizima simu zote zenye namba bandia. Watu waliamka asubuhi simu zao zikiwa hazishiki mtandao. Kwa hiyo simu bandia inaweza kukufanyia kazi upande mmoja wa mpaka, ukivuka ikawa bubu.

Ukiwa na laini ya Tanzania, tuma IMEI ya simu kwa ujumbe mfupi kwenda namba 15090. Utajibiwa simu hiyo ni ya aina gani. Kama mkononi umeshika simu kubwa ya kioo na majibu yanataja kitochi cha zamani, umeshapata jibu lako.

Ukubwa wa kwenye boksi na ukubwa wa kweli

Mama mmoja tunayesafiri naye, muuza vitenge, alinunua simu iliyoandikwa gigabaiti 256. Ndani ya mipangilio nako ilionyesha 256. Akapiga picha za vitenge mwezi mzima kwa ajili ya wateja wake. Siku moja picha mpya zikaanza kugoma kufunguka, na za zamani zikawa za kijivu. Simu ilikuwa imepangwa iseme uongo: nafasi yake ya kweli ilikuwa ndogo sana, na ilipojaa, vitu vilianza kuharibika.

Hapa kuna maneno mawili ambayo wauzaji hupenda kuyachanganya. La kwanza ni hifadhi, yaani ghala la simu, mahali zinapokaa picha, video na programu. La pili ni RAM, ambayo ni kama meza ya kufanyia kazi. Ghala likiwa kubwa na meza ikiwa ndogo, simu inakwama kwama ukifungua mambo mawili kwa pamoja.

Siku hizi utasikia simu ina RAM ya 8, kumbe ni 4 ya kweli na 4 ya kuazima kutoka kwenye ghala. Hiyo ya kuazima ni ya polepole na haifanani na ile ya kweli. Muulize muuzaji moja kwa moja: "Ya kweli ni ngapi?" Kwa mchuuzi anayetumia WhatsApp, picha na huduma za fedha, RAM ya kweli ya gigabaiti 4 na hifadhi ya 64 inatosha kwa kazi. Chini ya 2 utateseka. Na kama hifadhi inatajwa kuwa kubwa mno kwa bei ndogo mno, rahisi huwa ghali.

Laini mbili, nchi mbili

Mtu wa Dar es Salaam au wa Bujumbura anaweza kuishi na laini moja. Mtu wa mpakani hawezi. Anahitaji laini ya Burundi ya kupokea wateja na laini ya Tanzania ya kulipia mzigo. Lakini si kila simu ya laini mbili ni sawa. Nyingine zina matundu matatu: mawili ya laini na moja la kadi ya kumbukumbu. Nyingine zina matundu mawili tu, na la pili lina kazi mbili, ama laini ya pili ama kadi. Ukiweka laini zote mbili, kadi ya picha haina pa kukaa. Vuta kile kisahani cha laini utazame kwa macho yako.

Simu za zawadi kutoka ughaibuni nazo zinahitaji tahadhari. Nyingine zimefungiwa mtandao wa kampuni moja ya huko, hivyo ukiweka laini ya hapa zinakataa. Aidha, iPhone zilizouzwa Marekani kuanzia aina ya 14, iliyotoka mwaka 2022, hazina kabisa tundu la kadi ya laini. Zinatumia eSIM, yaani laini isiyo na kadi. Kabla ndugu yako hajakununulia, ulizia kwanza kwenye kampuni yako ya simu kama inatoa laini za namna hiyo. Na kwa simu yoyote, weka laini zako zote mbili na upige simu kwa kila moja, kisha ufungue intaneti kwa kila moja, ndipo ulipe. Simu inaweza kupiga vizuri na bado ikakosa masafa ya 4G yanayotumika mahali unapoishi.

Betri kabla ya kamera

Wanaotutangazia simu huanza na kamera. Sisi tunaoishi na umeme wa kukatika tunapaswa kuanza na betri. Ukubwa wa betri hupimwa kwa mAh. Simu nyingi za bei ya kawaida sasa zina betri ya 5000, na hicho ndicho kiwango ninachomshauri mtu anayeshinda barabarani. Kwa matumizi ya kawaida ya kupiga na kutuma ujumbe, itakutoa asubuhi hadi usiku.

Ukinunua iliyotumika, itazame mgongoni. Mfuniko uliotuna au kioo kilichoinuka pembeni ni dalili ya betri iliyovimba, na betri ya namna hiyo inaweza kuwaka moto. Chomeka chaja uone kama inaingiza chaji bila kulazimisha waya kukaa upande. Afadhali pia tundu la chaji liwe la aina ya C, lile la mviringo lisilo na juu wala chini, kwa kuwa ndilo linalotumiwa na simu mpya nyingi na hata safarini utapata wa kukuazima waya.

Kamera ije baadaye. Wingi wa megapikseli peke yake si ubora wa picha. Piga picha ya maandishi madogo, kwa mfano yale ya kwenye boksi, kisha ivute uone kama yanasomeka. Anayeweza kupiga picha ya risiti ikasomeka, ana kamera ya kutosha biashara.

Umri wa simu

Simu inaweza kuwa safi kama mpya na bado ikawa imezeeka ndani. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, uangalie toleo la Android. Tangu Oktoba 2023 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android zilizo chini ya toleo la 5.0, na kadiri miaka inavyokwenda kiwango hicho hupandishwa. Simu za vitufe zenye mfumo wa KaiOS, ambazo wengi walizinunua kwa ajili ya WhatsApp, haziwezi tena kuipakua tangu mwaka 2024. Wapo wanaoendelea kuziuza kwa kisingizio kile kile cha zamani.

Toleo la zamani lina hasara nyingine: halipati tena marekebisho ya usalama. Kwa mtu anayefungua huduma za fedha kwenye simu, hilo si jambo dogo. Mimi singenunua leo simu yenye Android iliyo chini ya toleo la 10, hata kama bei inashawishi.

Ukishanunua

Kazi haiishii dukani. Baada ya somo la Kobero, haya ndiyo ninayoyafanya. Nimeandika IMEI ya simu yangu ndani ya jalada la daftari, na risiti nimeihifadhi pamoja na vitambulisho, kwani afisa akikuuliza simu umeipata wapi, risiti inajibu kwa niaba yako. Namba za watu nazihifadhi kwenye akaunti ya Google badala ya kwenye simu pekee, hivyo simu ikipotea nitazipata kwenye nyingine. Nimeweka namba ya siri ya kufungua kioo na nyingine ya kufungua laini, ili mwizi asiweze kuhamishia laini yangu kwenye simu yake.

Kadhalika, laini zangu zimesajiliwa kwa jina langu. Wengi wetu tulipokuwa ng'ambo ya mpaka tulitumia laini za marafiki na wenyeji wetu. Laini ikipotea, anayeweza kuirudisha ni yule aliyesajiliwa, pamoja na salio lililomo. Kama bado unatumia laini ya mtu, usiiwekee mtaji.

Na jambo la mwisho, ambalo halihitaji chaji: madeni yote nayaandika kwenye karatasi pia. Kati ya wadeni wangu waliokuwa kwenye picha zile zilizopotea, wengine walikuja wenyewe kulipa, Mungu awabariki. Wengine hadi leo tunapishana sokoni wakinisalimu kwa heshima, nami sina ushahidi.

Simu ninayotumia sasa niliinunua dukani, kwa risiti, baada ya kukaa pale karibu saa nzima nikijaribu kila kitu. Muuzaji alianza kuchoka. "Baba, wewe unanunua simu au unaoa?" akaniuliza. Watu wakacheka, nami nikacheka nao, nikaendelea kukagua. Ina kioo cha kawaida na kamera ya kawaida. Wiki iliyopita nilikuwa tena Kobero, saa nne asubuhi, dereva akapiga, nikapokea mara ya kwanza. Kufikia saa nane mchele ulikuwa Muyinga.